Bima ya gari imeisha, mshahara bado: Unaweza kukaa wiki moja bila bima?

Bima ya gari lako inaisha Ijumaa hii. Mshahara unaingia Ijumaa ijayo. Hapo katikati kuna wiki nzima, na kuna swali ambalo wenye magari wengi hujiuliza kimya kimya: nikiiacha ilale siku chache halafu nikate nyingine, kuna shida gani?

Jibu fupi ni hili. Kama gari halitagusa barabara kabisa, sheria haikulazimishi kuwa na bima siku hizo. Kama litatoka hata mara moja, hata kwenda dukani mtaa wa pili, usiache pengo.

Na kabla hujaamua, piga hesabu ya unachookoa. Ni kidogo kuliko unavyofikiri.

Tuelezane taratibu, kwa Tanzania Bara.

Sheria inasemaje

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza mtu kutumia gari barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni yule ambaye hayumo kwenye mkataba wako na kampuni: mtembea kwa miguu, dereva wa bodaboda, mwenye gari uliyemgonga.

Hiyo ndiyo bima ambayo mtaani tunaiita bima ndogo. Ndiyo ya lazima. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, ni hiari yako, isipokuwa kama gari lina mkopo. Tutafika huko.

Angalia neno moja kwenye sheria hiyo: kuruhusu. Kosa si la anayeendesha tu. Ukimwazima shemeji gari lisilo na bima akaenda nalo msibani, na wewe umo. Ukimpa kijana alipeleke kuoshwa, na wewe umo.

Sheria haiulizi bima imeisha jana au mwaka jana. Siku moja bila bima barabarani ni bila bima.

"Si kuna siku za kuvumiliana?"

Hapana. Hii ni imani iliyoenea sana, kwamba bima ikiisha unapewa wiki moja au mbili za kujipanga. Kwenye bima ya gari usizihesabu siku hizo.

Utaratibu wa bima nchini, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ni lipa kwanza. Kampuni haibebi hatari yako kabla hujalipa. Hakuna malipo, hakuna bima. Ahadi ya wakala kwamba "we endesha tu, utanimalizia mwisho wa mwezi" haina nguvu yoyote siku ya ajali.

Kuna mtego mwingine mdogo kwenye tarehe. Ukikata bima ya mwaka mmoja tarehe 14 Juni, kwa kawaida inaisha tarehe 13 Juni ya mwaka unaofuata, usiku. Watu wengi huweka kichwani tarehe waliyokata. Asubuhi ya tarehe 14 wanaamka, wanawasha gari, wanaenda kazini wakijua bima inaisha leo. Imeshaisha.

Soma tarehe ya mwisho kwenye hati yako, usiikisie.

Hesabu: unaokoa shilingi ngapi?

Hapa ndipo hoja ya kuacha pengo inapoanguka.

Chukua bima ndogo ya gari binafsi. Bei iliyozoeleka ni Sh100,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh118,000 kwa mwaka.

Gawa kwa siku 365. Unapata kama Sh323 kwa siku.

Wiki nzima ni kama Sh2,260. Hiyo ndiyo pesa unayookoa kwa kukaa siku saba bila bima. Sahani ya chipsi mayai na soda.

Sasa weka upande wa pili wa mzani. Faini ya papo kwa papo ya kosa moja la barabarani kwa gari ni Sh30,000. Ukikamatwa mara moja tu ndani ya wiki hiyo, umelipa pesa ambayo ingekulinda kwa karibu siku 93. Miezi mitatu, na bima bado huna.

Tuchukue na bima kubwa. Tuseme gari lako lina thamani ya Sh15,000,000 na unatozwa asilimia 3.5. Hiyo ni Sh525,000, ukiweka VAT inafika Sh619,500 kwa mwaka. Kwa siku ni kama Sh1,700. Wiki moja ni kama Sh11,900.

Kwa Sh11,900 unakuwa umelibeba mwenyewe gari la milioni 15 kwa siku saba: wizi, moto, mafuriko, ajali, vyote juu yako.

Halafu kuna jambo jingine. Mwisho wa wiki hiyo bado unalipa Sh118,000 zile zile au Sh619,500 zile zile. Bei haijapungua, umesogeza tarehe tu. Kwa hiyo mara nyingi anayeacha pengo haokoi hela. Anachokitafuta ni muda, kwa sababu mfukoni hamna kitu. Hilo ni tatizo halisi, na lina njia zake. Tutazitaja chini.

Faini ndiyo nafuu

Wengi wanaogopa trafiki. Trafiki siyo hatari kubwa hapa.

Chukua mfano. Ni siku ya nne ya pengo lako. Unatoka kwenye maegesho, unarudi nyuma taratibu, bodaboda anapita. Anaanguka, mguu unavunjika. Anafanyiwa upasuaji, anawekewa vyuma, anakaa miezi kadhaa bila kazi. Ana mke na watoto wawili wanaomtegemea.

Kama bima ndogo ingekuwepo, wewe unatoa taarifa polisi na kwa kampuni, na madai ya fidia yanaelekea kwenye kampuni. Ndiyo kazi yake.

Bila bima, yanaelekea kwako. Hospitali, dawa, kipato alichopoteza, ulemavu kama utabaki. Hakuna aliyekuwekea kikomo. Mahakama ikiamua ulipe milioni 20, ni wewe, kiwanja chako na mshahara wako.

Na usidhani mkipatana pale barabarani kwa laki mbili, mambo yameisha. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya madhara kama haya yanaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Mguu ukikataa kupona vizuri mwaka kesho, anaweza kurudi. Pengo lilikuwa la siku saba, kesi inaweza kukufuata miaka mitatu.

Geuza pia upande wa pili. Yule kijana wa bodaboda hakuchagua kugongwa na gari lisilo na bima. Kama na wewe huna kitu, hukumu anayo mkononi lakini hakuna pa kuchukua hela. Bima ya lazima iliwekwa kwa ajili yake kuliko kwa ajili yako. Ndiyo maana sheria haikuachii uamuzi.

Kwa hiyo pengo linakubalika lini?

Kuna hali chache ambazo kuacha bima isimame kuna mantiki.

*Gari limelala gereji.* Injini imeshushwa, unasubiri vipuri, itachukua miezi miwili. Gari halitembei. Kwa bima ndogo, siku 60 ni kama Sh19,400. Kwa bima kubwa ya mfano wetu, ni kama Sh102,000. Hapo angalau kuna hela ya kuzungumzia.

Lakini kumbuka mambo mawili. Fundi akimaliza atataka kulijaribu barabarani. Akitoka nalo kabla hujakata bima, limetumika barabarani bila bima, na aliyemkabidhi ni wewe. Mwambie mapema: gari lisitoke getini mpaka nikupigie. La pili, gereji huungua na magari huibiwa vipuri gereji. Bima ndogo isingekulipa hivyo hata kama ingekuwa hai, lakini bima kubwa ingeweza.

*Umesafiri, gari liko ndani ya uzio.* Unaenda masomoni au kazini nje kwa miezi minne, funguo unazo wewe. Sawa. Ila lililoegeshwa ndani ya geti si sawa na lililoegeshwa pembeni ya barabara ya mtaa. Kama huna uzio na gari linalala barabarani, usijiingize kwenye mabishano ya kama hilo ni kutumia barabara au la. Kata bima.

Na funguo zisibaki mezani. Ukiacha funguo nyumbani kwa watu wanaojua kuendesha, usishangae gari likienda kwenye kipaimara.

*Umeliuza gari.* Hapa pengo si lako tena, lakini hakikisha uhamisho wa umiliki umefanyika. Kama kadi bado ina jina lako, ajali ya mnunuzi inaweza kuanza kwa kukutafuta wewe.

Nje ya hali hizi, jibu ni usiache.

Kama ulikuwa na bima kubwa, fikiria mara mbili

Pengo kwenye bima kubwa lina gharama nyingine ambazo hazionekani siku hiyo.

Kwanza, ukaguzi. Ukihuisha bima kabla haijaisha, mara nyingi ni jambo la dakika chache. Ukirudi baada ya pengo, kampuni inaweza kutaka kulikagua gari upya na kulipiga picha kila upande, kwa sababu haijui lilipitia nini siku hizo. Mkwaruzo uliokuwepo unaandikwa, na hautalipwa baadaye.

Pili, punguzo. Kampuni nyingi humpunguzia bei mteja aliyemaliza mwaka bila kudai fidia. Ukikatisha mfululizo, waulize kwanza kama punguzo hilo linabaki. Kupoteza asilimia 10 tu ya Sh525,000 ni Sh52,500, kabla ya VAT. Pengo la wiki lilikuokolea Sh11,900.

Tatu, mkopo. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo wa benki au limewekwa dhamana, mkataba wako kwa kawaida unakutaka uwe na bima kubwa muda wote. Pengo la siku tatu ni kuvunja mkataba. Likiibiwa siku hizo, gari hamna na marejesho yanaendelea.

Nne, kuna majanga ambayo hayasubiri gari litembee. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua maji ya Jangwani yanavyopanda mvua zikikolea. Gari lililolala linaweza kufunikwa na maji pale pale lilipo.

Pengo usilolijua

Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu unaendesha ukiamini uko salama.

Umelipa, umepewa karatasi au picha ya stika kwenye WhatsApp, umetulia. Kumbe aliyekuuzia ni kishoka. Au ni wakala halali lakini alichelewesha kuingiza malipo. Au umebadilisha kampuni: ya zamani imeisha tarehe 13, mpya imeandikwa kuanza tarehe 16. Siku mbili umetembea bila bima na hukujua.

Njia ya kujilinda ni ya bure. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa TIRA-MIS unaokuwezesha kuhakiki bima kwa kutumia simu. Unaingiza namba ya gari au namba ya stika, unaona kampuni, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Huko mfumoni ndiko ukweli wa bima yako ulipo. Stika nzuri kwenye kioo haisaidii kama mfumoni hakuna kitu.

Fanya hivyo kila unapokata bima, kabla hujawasha gari.

Na kama umenunua gari la mkononi, usitegemee bima ya aliyekuuzia. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu aliyetajwa. Umiliki ukibadilika bila kampuni kujua, umeipa kampuni sababu ya kukataa madai. Wapigie siku hiyo hiyo, au kata yako. Kwa gari linalotoka bandarini, bima iwe tayari kabla halijatoka getini.

Hela haipo. Nifanye nini?

Hapa ndipo penyewe. Njia ni hizi:

1. Egesha kweli. Kama huna hela mpaka Ijumaa, panda daladala au mwendokasi mpaka Ijumaa. Nauli ya wiki ni nafuu kuliko hatari uliyoisoma hapo juu.

2. Shuka kwa muda. Kama bima kubwa imekushinda mwezi huu, kata bima ndogo ili uwe halali na mtu wa tatu awe salama. Kabla hujalipa, muulize wakala kama kampuni yao inakuruhusu kuongeza baadaye ikawa kubwa, na kama ulicholipa kitahesabiwa. Kama gari lina mkopo, ongea na benki kwanza.

3. Uliza bima ya muda mfupi. Zipo kampuni zinazotoa bima kubwa ya miezi michache. Kwa siku huwa ghali kuliko ya mwaka, lakini inakuvusha.

4. Lipa mapema. Huna haja ya kusubiri siku ya mwisho. Ukipata hela wiki mbili kabla, lipa, na mwambie wakala bima mpya ianze siku inayofuata baada ya ya zamani kuisha. Hupotezi hata siku moja. Hakikisha tarehe hiyo imeandikwa hivyo.

5. Weka kidogo kidogo. Sh10,000 kila mwezi kwenye akiba ya simu ni Sh120,000 kwa mwaka. Bima ndogo imelipika na chenji inabaki. Kwa bima kubwa ya mfano wetu ni kama Sh51,700 kwa mwezi.

Pengo limeshatokea. Sasa?

Usiendeshe kwenda kukata bima. Kata kwa simu au mfuate wakala kwa usafiri mwingine. Subiri mpaka TIRA-MIS ionyeshe bima iko hai, ndipo uwashe gari.

Usimwombe wakala aandike tarehe ya nyuma. Bima hulinda kuanzia inapoanza kwenda mbele, haifuti siku zilizopita.

Na kama ajali imetokea ndani ya pengo, usikimbilie kukata bima jioni halafu udai imetokea kesho yake. Mfumo una muda wa malipo, polisi wana muda wa ajali, hospitali ina muda wa kumpokea majeruhi. Hiyo siyo bima tena, ni udanganyifu, na unaongeza kesi juu ya kesi. Toa taarifa polisi kama inavyotakiwa, mhudumie aliyeumia, tafuta mwanasheria.

Kama una mgogoro na kampuni, kwa mfano inasema bima ilikuwa imeisha na wewe una risiti ya malipo, anza na malalamiko ya maandishi kwa kampuni. Isipokusikiliza, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Tunza risiti na ujumbe wa malipo kwenye simu.

Kwa kifupi

Gari likilala ndani ya geti na funguo ziko kwako, pengo ni uamuzi wako, ukijua kwamba wizi, moto na maji ni juu yako. Gari likitembea, pengo la siku moja ni kubwa mno. Kwa bima ndogo, kinachokutenganisha na kesi ya mamilioni ni kama Sh323 kwa siku.

Fungua simu yako sasa hivi, ingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, angalia tarehe ya mwisho. Halafu weka kikumbusho wiki tatu kabla yake.